Taya Lililopona

Baba Wanjiku,

Daktari aliniambia taya lako lilipona. Alinionyesha ile picha ya mwisho ya mifupa, akagusa kwa kalamu mahali karibu na sikio, pale punda wa shamba alipokupiga teke, akasema, "Tazama, mama. Limeunga vizuri sana." Wewe tayari ulikuwa katika chumba cha maiti.

Nakumbuka madaktari wawili walivyobishana juu yako. Yule mkubwa alitaka kukupasua mbele ya sikio auunge mfupa mwenyewe. Huyu mdogo, aliyenionyesha picha, akasema mfupa haujahama, meno yafungwe kwa waya, ya juu na ya chini, mwili ujiponye; likafuatwa lake. Walikigeuza kidevu chako huku na huku kama wanunuzi wa mbuzi. Hakuna aliyekuuliza. Wewe ulinikonyeza tu.

Mutua wa kitanda cha pili, aliyeanguka kutoka kwenye lori la mkonge, mfupa wake ulikuwa umetoka mahali pake, akapasuliwa. Sasa jicho moja halifumbiki vizuri na shavu limelegea. Lakini anatafuna mahindi ya kuchoma. Nilimwona sokoni Thika, nikafurahi, kisha nikaenda nyuma ya vibanda nikalia.

Sichukii waya, wala kisu. Kinachonichukiza ni kwamba koleo la kukatia waya lilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kunywa chai. Siku ile mama yangu alikuwa amekuletea uji kutoka Ruiru. Ulikuwa umeshiba, nilijua, lakini mkwe hawezi kurudisha chakula cha mama mkwe. Ukaunyonya wote kwa bua la jani la mpapai, macho yako yakimchekea. Ulipotapika, matapishi hayakuwa na pa kutokea. Nilizivuta zile waya kwa vidole. Mutua akagonga kitanda kwa bakuli. Hakuja mtu.

Na daktari, akifuta miwani yake, akasema mbele ya watu, "Tiba ilifaulu. Ni uji wa huyu mama." Huyu mama! Alisema hivyo na mama yangu amesimama palepale.

Maneno hayo yalifika Ruiru kabla ya jeneza. Tangu tukuzike, mama hampikii mtu. Wanjiku akimwomba chakula, anamtuma kwa jirani. Wanawake wa kanisa walipochanga vyakula vya wageni wa mazishi yako, chake kilirudishwa kimefunikwa vilevile, na wakaendelea kuimba. Wanatia kinyaa.

Jumapili, wakiuliza kanisani kama kuna mwenye neno, nitasimama. Ndiyo, mimi, uliyekuwa ukinitania kwamba hata salamu naiambia sakafu. Nitasema habari ya ufunguo. Nitasema ulikunywa kwa sababu ulimheshimu. Wakinuna, wanune. Nakuahidi, mama hatabebeshwa kifo chako nikiwa hai.

Pumzika, mume wangu. Hakuna waya tena.

Mama Wanjiku