Joho la Kuazima

Dada yangu,

Nilifika salama, na rafiki zangu wa chuo wamenilisha mpaka mkanda umeomba poo. Jana tulizurura chuoni polepole, tukafika ukumbini zilikotundikwa picha za mahafali. Mke wa mwenyeji wangu akauliza, “Shemeji, wewe uko wapi hapa?”

Mumewe akadakia, “Huyu? Alifeli mwaka wa mwisho! Aliazima joho langu apige picha ya kumpelekea dada yake.”

Walicheka, nami nikacheka kuwazidi.

Ndiyo picha hiyo ya sebuleni kwako, dada. Uliacha shule ili mimi nisome. Tafadhali ishushe kabla sijarudi. Miaka tisa nimenywa chai yako chini yake bila kuinua macho.

Mdogo wako,
yule unayewaambia wageni ni msomi