Mambo ya Ndani

Kigamboni

Kaka Revelian, shikamoo.

Sie wazima. Mchicha wa uani umestawi, na umeme siku hizi haukatiki. Jana nilikusikia redioni ukiisemea Jumuiya. Ulisema nchi mwanachama ikiwanyima watu wake uhuru, wenzake lazima waingilie, hata iking'aka kwamba hayo ni mambo ya ndani. Nilipiga makofi jikoni peke yangu.

Mume wangu akienda kazini hufunga geti kwa nje, na simu yangu anayo yeye. Barua hii nampenyezea jirani. Siku ya mahari uliwaambia wakwe, "Akionewa, tutakuja." Nilipokulalamikia Pasaka ukanijibu, "Hayo ni mambo ya ndani, mdogo wangu."

Kaka, mpaka mie niwe nchi ndiyo uje?

Mdogo wako,
Kokuberwa