Muhuri wa Baba Ndani ya Kiatu Changu

Kokura, Kitakyushu
Jumamosi, 6 Aprili

Mpendwa Shangazi Fumie,

Muhuri wa Baba haujapotea. Ninao mimi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, na nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa, niishie kwenye salamu.

Sasa nakusalimu. Hujambo huko Curitiba? Goti lako limepoa? Mjomba Ademir bado anapanda juu ya paa mwenyewe? Sisi ni wazima. Mimi nimemaliza shule mwezi uliopita, na katikati ya mwezi huu naanza kazi kwenye duka la dawa, ingawa sijui nitawezaje kuwakaribisha wateja kwa sauti.

Baba anastaafu kiwandani mwaka huu. Anataka kununua fleti ya orofa ya nne katika jengo la zamani karibu na mto. Si ya kuishi. Ina mpangaji tayari, na kodi yake ndiyo itawasaidia yeye na Mama uzeeni. Karibu akiba yao yote inakwenda hapo. Lakini kwa kuwa mpangaji yumo, Baba hajaiona ndani. Wakala wa nyumba alimwambia, "Mzee Tokunaga, wote wananunua hivyo. Mpangaji hasumbuliwi." Alionyeshwa ngazi na rangi mpya ya nje, basi. Kalenda inasema Jumanne ni siku ya bahati, kwa hiyo ndiyo siku ya kutia muhuri kwenye mkataba.

Wiki iliyopita nilikwenda peke yangu kulitazama jengo. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisoma majina kwenye masanduku ya barua, mara bibi mmoja akatokea na vitunguu vyake vya majani.

"Wewe ndiye uliyetumwa kuhusu maji?"

Unanijua, Shangazi. Kumwambia mtu "hapana" siwezi. Nikaitikia kwa kichwa. Akanipandisha hadi orofa ya nne, kwenye fleti ileile. Kumbe yeye ndiye mpangaji, Bibi Kuwano. Sakafuni kulikuwa na mabakuli matano, na dari ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria.

"Mvua ikinyesha nahamisha godoro," alisema. "Mwaka wa tatu huu! Wanasema mabomba ya maji ya mvua ni ya wenye fleti wote. Ya wote, basi hakuna anayeyagusa. Mwambie bosi wako aje na ngazi, asije na karatasi!"

Nikamjibu, "Ndiyo, Bibi." Akanipa chungwa. Nililila ndani ya basi huku nikiona aibu.

Ningemwambiaje Baba bila kumweleza kwamba niliingia nyumbani kwa mtu kwa uongo? Nikachukua muhuri, maana bila huo mkataba haukubaliki. Kwanza niliuweka ndani ya debe la mchele, lakini kila Mama alipochota mchele nilikuwa namsimamia mgongoni. Nikauhamishia kabatini, chini ya sare yangu. Sasa umo ndani ya kiatu changu cha shule, na hata ninapoandika nimeshainuka mara mbili kwenda kuuangalia.

Baba amepekua nyumba nzima. Mama anamtania, "Miwani unaitafuta huku umeivaa, sembuse muhuri!" Jana Baba hakucheka. Alikaa mbele ya picha ya Babu akasema, "Muhuri wa marehemu baba, nimeupoteza mimi. Nimezeeka kweli." Sikuweza kumaliza wali wangu.

Jumatatu anakwenda ofisi ya kata kuandikisha mwingine. Kwa hiyo kesho, baada ya chai ya asubuhi, nitauweka mkononi mwake na kumweleza habari ya mabakuli na ya Bibi Kuwano. Nimeifanyia mazoezi bafuni. Naweza kufika hadi "Baba, samahani."

Nisalimie Mjomba Ademir na dada Luciana. Mbarikiwe na kulindwa huko mliko, na goti lako lipone.

Shangazi, barua hii itakapokufikia yote yatakuwa yamekwisha. Tafadhali usimwambie kaka yako lolote mpaka yeye mwenyewe akutajie. Asipokutajia, ujue nilishindwa kusema, na bado unifichie.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Mizuho