Wembe wa Wifi na Maua ya Pareto

Molo, 9 Oktoba 1956

Mpendwa Mama Mshauri,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Februari, uliponijibu kuhusu darasa la ushonaji na kuniagiza nikueleze nimefika wapi. Darasa nililimaliza, lakini baadaye mikono iliniuma hata sikuweza kushika kalamu, na ilipopona nikaona haya kueleza kilichoniumiza. Leo naomba msaada wako.

Mimi huchuma pareto katika shamba moja hapa Molo, na Desemba natarajia kuolewa na Micah, karani wa stesheni ya Nakuru, ambaye dada yake, Chelagat, ni yaya katika nyumba ya Wazungu huko huko mjini. Mwezi wa Agosti Chelagat alikuja kunipima gauni la arusi, akainua sketi yangu mpaka magotini, akacheka.

“Wifi, hii ni miguu au ni shamba la ngano?”

“Ni miguu, na ndiyo iliyonifikisha hapa,” nikamjibu.

“Mjini hutafika nayo. Memsabu wangu hunyoa yake kila Jumamosi. Unataka makarani wamcheke Micah kanisani?”

Akatoa wembe mkobani, nami, Mama, kwa kuwa nilitaka kujua nitaonekanaje, sikukataa, nikanyoa miguu na mikono mpaka viwikoni, na nakiri kwamba nilipenda, maana siku ile nilijipapasa kila mara kama mtu aliyenunua kitambaa kipya. Jumatatu nikaingia kwenye pareto kama nilivyofanya kwa miaka mitatu bila madhara, umande ukiwa bado kwenye maua, na kabla kikapu hakijajaa ngozi ikaanza kuwasha kila mahali wembe ulipopita, jioni ikavimba na kutoa maji, mama akaniuliza nimejipaka upupu wa nani, na dresa wa shamba, anayetufunga vidonda, akaniambia, “Wewe msichana, hayo maua huua kunguni. Ulidhani ngozi iliyokwanguliwa itayaweza?” Nilikaa wiki tatu bila kazi, na nyapara akampa mwingine mstari wangu, nimerudishwa mwezi huu tu, nami nitaendelea kuchuma hata baada ya arusi mpaka msimu uishe, kisha nimfuate Micah.

Sasa nywele zimerudi, nami naziona ngumu kuliko za kwanza, naye Chelagat ameandika kwamba ninyoe tena kabla ya arusi na niendelee kila juma, kwa kuwa mke wa karani hawezi kuwa na miguu ya mwanamume. Micah mwenyewe hajasema neno, nami naona haya kumwuliza, na usiku na mchana nawaza kwamba huenda ndiye aliyemtuma. Tena kuna jambo nashindwa kulielewa: nywele za kichwani nasifiwa, za miguuni nachekwa, na zote zimeota kwenye ngozi moja. Nilimwuliza nyanya, akasema kwamba wao waling’oa za makwapani kwa majivu, lakini za miguuni hakuna aliyezitazama. Basi ni nani aliyeamua zipi ni za aibu? Je, ninyoe au nisinyoe? Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitanyamaza.

Jerop

JIBU

Binti yangu Jerop,

Pole kwa maumivu, na radhi umepata. Lakini sikusifu. Kutaka kujua sikukatazi. Nakukaripia kwa kujaribu kwanza na kuuliza baadaye.

Swali lako nimelifikiri siku tatu, maana sijawahi kuulizwa. Nilipoingia bweni la misheni tulinyolewa vichwa kila Jumamosi, tukaambiwa huo ndio usafi. Leo wajukuu wangu wanafuga nywele na kuzipaka mafuta, nao wanaambiwa huo ndio usafi. Nyanya yako alikuwa na majivu yake, memsabu ana wembe wake. Nadhani miguu ilianza kutazamwa sketi zilipofupishwa. Mama yangu, aliyevaa ngozi mpaka vifundoni, hakuulizwa habari za miguu yake na mtu. Jibu kamili sina. Najua tu kwamba uchafu huondolewa kwa maji na sabuni, na nywele zilizooshwa ni safi.

Chelagat simlaumu sana. Anafua soksi za memsabu kila siku, akadhani dunia nzima inatazama huko. Hata hivyo, si yeye atakayechuma pareto kwa mikono yako. Kwa hiyo, maadamu unachuma, wembe usiguse ngozi yako, arusi au si arusi. Gauni unaweza kulishona mwenyewe: teremsha pindo ukitaka, liache ukitaka. Ukihamia Nakuru na ukapenda miguu laini, nunua wembe wako, tumia maji ya moto na sabuni, na unyoe kwa kupenda kwako. Ulikiri kwamba ulifurahi. Wala hilo lisikutie haya.

Sasa nisikilize vizuri. Umejaza kurasa kwa habari za nywele, na hofu yako umeiandika kwa mstari mmoja: kwamba mtu utakayeishi naye anakucheka kwa kinywa cha dada yake. Hiyo huwezi kuinyoa. Akikuambia kwamba hakujua lolote, mtacheka pamoja. Akikuambia kwamba ndiye aliyemtuma, heri ulijue Oktoba kuliko Januari.

Umeahidi kuniandikia ukishaamua. Nitaingoja barua yako, lakini ya kwanza iende stesheni ya Nakuru, juma hili.