Upande Wangu wa Chumba

Jumatatu, 3 Machi

Amerudi. Begi moja, mto wa kulalia, macho yamevimba. Mumewe kamfukuza. Mama hakuniomba ruhusa — kaniambia tu kwamba mdogo wangu atalala chumbani kwangu, hapana kwingine. Nikasema sawa, mama. Nikaburuta kabati hadi katikati. Upande wa dirisha ukawa wangu. Yeye kule ukutani, kwenye joto, godoro chini.

Kaniamkia. Nimeitika kama mtu anayemeza dawa.

Halafu nikaenda zangu saluni na furaha ambayo humu daftarini sina haja ya kuificha. Umefika, mdogo wangu. Karibu sana.

Jumatano, 5 Machi

Upande wake ni jalala. Nguo juu ya viatu, vikombe vimeota ukungu, taulo bichi limelala na yeye godoroni. Hafungui pazia. Hachani nywele — yeye, aliyekuwa hatoki hata dukani bila kujitazama kwenye kioo!

Upande wangu je? Shuka nimezibana chini ya godoro hadi kuingia kulala inabidi nizing'oe. Viatu vimepangwa. Vitana na mafuta vimejipanga mezani kama askari. Nimekuwa hivi tangu mchumba wangu, yule mpimaji ardhi, aniache. Kabla ya hapo gauni lilikaa lilipoangukia.

Mama kasimama mlangoni na chai yake. Katazama kwake, katazama kwangu.

"Huyu analia," kasema. "Wewe kuna jambo unalipanga."

Akarudi jikoni.  

Ijumaa, 7 Machi

Niandike, hasira isije ikapoa.

Mchumba wangu alikuwa mpimaji ardhi. Posa ilishapokelewa. Tungehamia mbali, kule alikopangiwa kazi. Mdogo wangu akamwendea kimyakimya, akamwambia kuna mwanamume anayenifuata saluni jioni na kwamba naondoka naye. Uongo mtupu. Tena akaapa. Mpimaji hakuniuliza hata neno — alimtuma mjomba wake kuja kuvunja uchumba, basi. Leo ana mke na mtoto. Akiniona njiani anavuka barabara.

Na mdogo wangu alipoolewa, nani alimsuka nywele za harusi? Mimi. Kwa mikono hii, sijui lolote. Nilikuja kuambiwa na mke wa mpimaji mwenyewe, kaketi kwenye kiti changu saluni, akidhani nilijua siku nyingi. Nilimaliza kumsuka. Sijui nilimalizaje.

Leo nimetundika ile picha kubwa ya harusi ya mdogo wangu. Juu ya godoro lake, mahali ambapo akifumbua macho ndiyo ya kwanza kuiona. Mama kauliza ya nini. Nikasema ukuta ulikuwa mtupu mno.

Jumapili, 9 Machi

Sasa najua alichofukuziwa. Mama kanieleza huku anachambua mchele. Shemeji alikuwa safarini. Akarejea asubuhi na mapema, akakuta kufuli mlangoni. Jirani akamnong'oneza kwamba mke wake akiachwa peke yake halali nyumbani. Mdogo wangu anajitetea kwamba alilala kwetu, ile Jumamosi ya mvua. Mama hawezi kumsemea — alikuwa msibani, akalala hukohuko.

Shahidi ni mimi. Mimi peke yangu.

Na ni kweli, alilala hapa. Alikuja kumtafuta mama, mvua ikamfungia. Chumba cha mama kilikuwa kimefungwa, tukalala kitanda kimoja, tumepeana migongo, bila kusemezana.

Nikienda kumwambia shemeji kwamba hakulala hapa — uongo uleule, jeraha lilelile. Wala sitahitaji kuapa kama yeye. Nimekaa na wazo hili mchana kutwa, nalilamba kama kijiko cha asali.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mama Pacha, mwenzangu wa saluni. Alikuwa anamsuuza mteja, akafunga bomba ili anisikie vizuri. Kauliza nikishafanya hivyo nitapata nini. Nikasema usingizi. Akacheka, kasema mtu anayetafuta usingizi hatandiki kitanda kama mimi. Aliwahi kukiona chumba changu, akaogopa kukaa. Leo sikumpenda kabisa.

Mchana shemeji kapiga simu. Anakuja Jumamosi. Anaongea kwa adabu, mtu wa watu. Kasema nitakachosema mimi ndicho atakachokiamini, kwa sababu mimi na mke wake hatupatani, kila mtu anajua. Sina sababu ya kumtetea.

Kwa hiyo chuki yangu ndiyo hati yangu ya ukweli. Nimecheka peke yangu hadi Mama Pacha akageuka.

Alhamisi, 13 Machi

Kasema. Nimetoka kazini nimemkuta mdogo wangu ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, upande wangu. Ile picha kaigeuza imetazama ukuta.

Kasema marehemu baba alikuwa hajiwezi kitandani wakati ule, na mimi nilikuwa naimba ndani ya nyumba kwa sababu naondoka. Aliona namwachia yeye kumgeuza, kumwosha, kumsikiliza akilia. Kasema alitaka harusi icheleweshwe tu. Hakujua mpimaji angenitupa moja kwa moja.

 Kwani ningeimba kimoyomoyo?

"Sikuombi unisamehe, dada," kasema. "Nakuomba useme kilichotokea."

Nikamuuliza mpimaji alimwomba nani aseme kilichotokea.  Akarudi godoroni, akavuta shuka hadi kichwani.

Nimefagia upande wangu. Ulikuwa msafi. Nimefagia tena.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji kaja asubuhi, shati limepigwa pasi, kakonda. Mama katuacha sebuleni, mimi na yeye. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nilijua mdogo wangu anasikia.

Kauliza moja kwa moja. "Jumamosi ile, mke wangu alilala hapa?"

Nilikuwa na jibu. Nimelitunza wiki nzima. Nikafungua kinywa, likakataa kutoka. Na lile la kweli likakataa vilevile.

Nikasema, "Sikumbuki, shemeji."

Kaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa alichokuwa anakiogopa. Maana nani asiyekumbuka mtu aliyelala kitandani mwake? Kanishukuru kwa kutotaka kumuumiza. Akatoka.

Nimeingia chumbani. Halii. Kafungua pazia, kakunja nguo zake zote, vikombe kavitoa. Godoro kalisimamisha ukutani. Upande wake unang'aa. Anafunga zipu ya begi, hanitazami. Nimemuuliza anakwenda wapi. Kasema, "Kokote, dada. Nimechoka kusubiri kuaminiwa."

Mama anamwita shemeji uani, anywe japo chai. Yeye anasema amechelewa. Mlango wa gari umefungwa. Injini bado haijawaka. Nikitoka sasa namkuta.

Mimi nimekaa kitandani, kalamu mkononi. Mama ananiita. Ananiita kwa jina langu lote.