Kiti cha Kushoto cha Landrova ya Baba

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Niko barazani kwa baba, Chole, huku Kisarawe. Mvua imekatika tangu adhuhuri, jua limetoka kali kama linalipa deni, na uani magari mawili yamekaa pua kwa pua, yana matope mpaka madirishani.

Shajara, leo naungama. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa mdomo tu.

Ugomvi wetu unaujua. Baba ni mtu wa Landrova, mimi ni mtu wa Land Cruiser. Kila nikija, tukishamaliza shikamoo na marahaba na habari za watoto, ni hayo tu mpaka chai inapoa. Baba ana Landrova ya kijani, ile ndefu ya 109, nimezaliwa nimeikuta. Anasema bodi yake haijui kutu. Anasema ukiwa na spana mbili na kipande cha waya unafika popote, na kwamba Land Cruiser ni gari la wakubwa wanaokaa nyuma wanasoma gazeti. Mimi nami simwachi. Namwambia gari gani hilo, usukani mgumu mpaka utoke jasho, ukifika mjini masikio bado yanavuma. Namwambia nenda porini huko uone watu wa miradi wanaendesha nini. Ananijibu, "Hao wamepita njia iliyochongwa na Landrova."

Mama huchangia sentensi moja tu. "Mimi ninachojua, kiti cha kushoto kinachoma." Miaka arobaini amekikalia hicho kiti pembeni ya baba, na kuna springi imetokeza. Jibu la baba ni lilelile siku zote, kwamba kiti hakina shida, ni mama asiyetulia.

Mwaka jana biashara yangu ya chakula cha kuku pale Sofu, Kibaha, ilipochanganya, nikanunua mkonga. Ndivyo tunavyoiita ile Land Cruiser ndefu, kwa sababu ya bomba linalopanda pembeni ya kioo kuvuta hewa juu. Niliupata mnadani, umetumika lakini mzima. Siku ya kwanza kuupaki mbele ya duka, jamani, nilijiona mkuu wa wilaya. Tangu hapo napeleka mifuko Dutumi narudi, lami kidogo, vumbi kidogo. Miezi minane sijakwama hata mara moja. Nikawa nampigia baba simu makusudi kumwambia.

Lakini jana sikuja kubishana.

Wiki mbili zilizopita baba aliingia na Landrova kwenye banda la kuku la jirani yetu, Bi Tatu. Mchana kweupe. Hakuumia mtu, ila mitetea wawili walikufa. Baba akasema ni breki. Fundi akaja, akazitazama, breki nzima kabisa. Ni macho. Jicho la kulia lina ukungu, la kushoto linafuata, na habari za hospitali hataki hata kuzisikia. Basi kaka yangu Shabani akanipigia. "Mwana mdogo wangu, akija kugonga mtoto wa mtu tutasema nini? Wewe ndiye kipenzi chake. Nenda ukamnyang'anye ufunguo." Shabani mjanja sana. Pakiwa na sherehe yeye ndiye mkubwa wa nyumba, pakiwa na kazi ya kumwudhi baba, kipenzi ni mimi.

Nikaondoka Kibaha asubuhi, nimevaa gauni la njano, njia nzima natunga maneno. Baba, umeshatufanyia mengi. Baba, sasa pumzika. Kila nikiyasema kwa sauti yananichefua.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Lami ilipoisha, tope likaanza, nikajiambia vizuri tu, tope ndiyo kazi ya mkonga. Kabla hujafika kwa baba, kama nusu saa kwa miguu, kuna bonde lenye udongo mweusi. Nikavuta kile kigiya kidogo cha four, cha kuzungusha magurudumu yote manne, nikakanyaga mafuta, nikaingia kwa mbwembwe zote.

Mkonga ukakaa katikati. Nikikanyaga, magurudumu ya nyuma yanachimba tu. Nikikanyaga zaidi, unazama zaidi. Nikashuka, viatu vikabaki humo. Nikampigia mama, nikamwambia, tafadhali mama, usimwambie baba.

Mama akamwambia baba.

Niliisikia kabla sijaiona. Ule mngurumo nimelala nao utotoni, nikajua hii ndiyo aibu yangu inakuja. Kisha Landrova ikatokea juu ya kilima, ikaanza kushuka. Haikukimbia. Haikuyumba. Ilikuwa inaweka gurudumu, inatulia, inaweka jingine. Mimi nilikata katikati ya bonde kwa sababu palionekana sawa. Yeye alipita kwa pembeni, kwenye mteremko ambao mimi nisingepeleka hata baiskeli, gari limelala ubavu mpaka nikaziba mdomo, maji yanaruka, na chini ya yale maji kumbe kuna ardhi ngumu anayoijua yeye. Ikapanda upande wangu, ikasimama hatua tatu kutoka niliposimama. Mwili mzima ulinisisimka. Gari hili nimelidharau maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kuliona likifanya kazi.

Baba akashuka, amekunja suruali magotini. Mimi niko mbele yake kabisa, njano tupu, napunga mkono.

Akauliza, "Mwana yuko wapi?"

Alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema shikamoo baba. Uso wake ukaifuata sauti. "Marahaba, mwanangu. Kumbe upo hapa." Akacheka kidogo kuficha, nami nikacheka kidogo kumsaidia kuficha. Nilitaka kulia palepale. Mtu ametoka kupitisha gari mahali pale, na haoni gauni la njano hatua tatu mbele yake.

Nikatoa kamba anivute. Akaikataa. Akaupapasa mkonga kuanzia boneti, akashuka na mkono mpaka gurudumu la mbele, akachuchumaa matopeni, umri ule, akashika katikati ya gurudumu. Vidole vikatembea pale sekunde mbili. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwana, hujafunga lock!"

Mimi lock gani? Ndipo nikafundishwa. Gari kama langu lina kifuniko cha duara katikati ya kila gurudumu la mbele, na lazima ushuke ukizungushe kwa mkono. Usipokizungusha, hiyo four unayoivuta ndani ni pambo. Miezi minane natamba mjini na gari linalosukumwa na miguu ya nyuma tu. Nadhani aliyeniuzia aliniambia, ila nilikuwa nautazama mkonga.

Nikamuuliza yeye amejuaje. Akasema amewaendesha wakubwa wa wilaya kwenye haya haya magari miaka kumi na sita. Akapiga boneti kofi. "Gari zuri sana hili."

Baba! Gari zuri sana hili? Na ubishi wote ule?

"Ningekubali, ungekuwa unakuja kufanya nini?"

Akazungusha cha kulia, akazunguka akipapasa, akazungusha cha kushoto. Niweke four, niweke gia ndogo, nisikanyage kwa hasira. Nikaachia klachi. Shajara, sijui nikwambieje. Magurudumu ya mbele yakashika. Nililisikia gari lote likijikusanya chini yangu, likajinyanyua kutoka kwenye lile shimo taratibu, bila kelele, likatoka. Nilipiga vigelegele peke yangu humo ndani. Nilijivunia gari langu, na nikajivunia zaidi vile vidole.

Tukaenda nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Hakukosea kona hata moja. Lakini karibu na msikiti palikuwa na bwana mmoja na baiskeli yake. Yule bwana aliiona Landrova, akashuka, akaiburuta baiskeli mpaka majanini, akasubiri ipite. Baba hakupunguza mwendo. Yule bwana hakukasirika hata kidogo, alipunga mkono, kama mtu aliyeshazoea. Kumbe kijiji kizima kinampisha baba na hakuna aliyemwambia.

Tulipofika uani maneno yangu yote ya Kibaha yakapotea. Nikasimama kama mwizi. Baba ndiye aliyeanza.

"Shabani amekutuma ufunguo."

Nikasema ndiyo baba.

Akasema, "Leo sikukuona. Lock niliipata kwa vidole. Lakini wewe sikukuona." Akautoa ufunguo mfukoni, umefungwa kamba ileile nyeusi ya siku zote, akanishikisha. "Uendeshe wewe. Shabani usimpe, Shabani anaua klachi."

Nilimwambia twende hospitali ya macho, na macho yakirudi, ufunguo nitaurudisha mkononi mwake mimi mwenyewe, Shabani apende asipende. Akaguna. Baba akiguna ni ndiyo. Nikamwahidi mbele ya mama, na ahadi hiyo naiandika hapa ili nisije nikaipindisha.

Leo asubuhi tulikuwa na safari ya gulioni, kumnunulia Bi Tatu mitetea wawili na kumwomba radhi. Nikasema tuchukue mkonga. Baba akanitazama kama nimemtukana. Basi nikapanda Landrova, mama akapanda nyuma kwenye benchi, tukamsubiri.

Akatoka amevaa kofia yake nzuri. Kwa mazoea akaenda moja kwa moja mlango wa kulia, akaweka mkono kwenye kitasa, na mimi nimeshakaa pale kwenye usukani. Akasimama. Nilitamani nishuke, nimwachie, liwalo na liwe.

"Baba Shabani," mama akaita kutoka nyuma, kwa upole sana. "Huku."

Akazunguka gari, mkono hautoki kwenye bodi, taa, boneti, taa nyingine, mpaka mlango wa kushoto. Akapanda. Nikapiga stata. Usukani mgumu kweli, nilitoka jasho kabla hatujafika barabarani, na gia ya pili iliniletea ubishi mpaka baba akaja kuiingiza kwa mkono wake wa kulia, mkono wangu ukiwa chini ya wake. Akawa anajisogeza. Tukaenda kidogo, akajisogeza tena. Tulipofika bondeni, nikapita pembeni kama alivyopita yeye, roho mkononi, yeye ananiambia kulia, kulia, acha hapo, twende. Tukatoka ng'ambo ya pili.

Akajisogeza mara ya tatu. Kisha akasema, "Mama Shabani."

"Abee."

"Kiti hiki kinachoma."

Mama alivua kanga yake ya begani, akaikunja mara nne, akampitishia aikalie.

Kesho alfajiri tunampeleka kwenye macho. Kanga tumeiacha palepale kwenye kiti.