Mwanasesere Asiyekunja Magoti

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, kifua chako kimetulia?

Hapa nyumbani hakukaliki. Baba anakabidhi kigoda mwisho wa mwezi. Unaijua desturi ya karakana yetu ya viatu: anayekikalia ndiye fundi mkuu, wengine tunashona wima. Anampa mdogo wangu kwa kuwa ni mwanamume, ingawa soli akibandika leo, kesho inapiga makofi.

Nilimpeleka Baba kuona ile filamu ya mwanasesere anayetoroka dukani, nikitumaini itanisemea. Alicheka hadi machozi. Njiani akasema kweli wanawake wa huko ng'ambo wameonewa. Kesho yake akamnunulia mdogo wangu aproni mpya. Filamu imeshindwa, au mimi?

Mpwa wako

11 Machi

Marahaba, mwanangu.

Kifua kinakohoa kwa adabu, kama mgeni aliyekaa sana. Nami ni mgeni huku miaka mingi. Filamu nimeiona, mzee peke yangu ukumbini. Ile hotuba ndefu ya kudai haki za wanawake haikunishawishi. Watu wanakubali upesi mno, na wanaume wote wamefanywa mazuzu, kwa hiyo hakuna baba atakayejiona pale.

Ila kuna pahali wanaacha kuhubiri. Mwanasesere anataka kuketi apumzike, magoti hayakunjiki, anabaki wima kati ya watu waliokaa. Hapo nilisahau kukohoa. Muulize baba yako juu ya hapo tu, na usimfafanulie.

Mjomba wako

19 Machi

Shikamoo Mjomba. Pole na kifua.

Nimemuuliza. Bila kuinua macho akasema, "Aliyemuunda hakukusudia akae."

Nikasema, "Na mimi, Baba?"

Nyundo ikasimama. Tangu hapo hasemi nami. Mama ndiye anayetupitishia maneno, kama mkalimani.

Mpwa wako

4 Aprili

Mjomba, shikamoo, na uniwie radhi kwa kimya.

Siku ya kukabidhi niliwahi karakana, nikakikalia kigoda. Mdogo wangu akacheka. "Inuka, mwanasesere." Sikuinuka. Baba alisimama mlangoni na kiatu cha mteja mkononi, akatutazama kwa zamu. Kisha akaja, akakiweka kiatu mapajani mwangu.

"Kinatakiwa kesho," akasema, akatoka.

Hajanipongeza. Kuhusu filamu, bado anashikilia kwamba iliwahusu wa huko.

Nakuandikia nikiwa nimekaa.

Mpwa wako